Shokapu za nyuma za bei nafuu kwa pikipiki ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Simama kando ya pikipiki yako, weka viganja vyote viwili nyuma ya siti, ikandamize kwa uzito wako wote, kisha iachie. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu bado zina uhai. Ikiendelea kudunda mara mbili, mara tatu, oili ya ndani imeshamaliza kazi na kila shimo unalopita unaiachia springi peke yake. Springi haina namna ya kujituliza, inarudisha nguvu yote iliyopewa. Kinachoituliza ni oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani ya silinda. Oili hiyo ikivuja au ikichoka, tairi linaruka badala ya kushika barabara, breki ya nyuma inapungua nguvu, na katikati ya kona pikipiki inayumba kama boti.

Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu avumilie shokapu zilizokufa eti kwa sababu pikipiki ni ya zamani. Pikipiki nyingi za zamani zina shokapu mbili, moja kila upande, na aina hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuibadilisha kwa gharama ndogo. Mwongozo huu ni wa shokapu mbili. Zile zenye shokapu moja katikati zina vyuma vya kuunganishia vinavyobadilisha hesabu yote.

Hakikisha kwanza kwamba shokapu ndizo mbovu

Kabla hujatoa hela, kagua vitu vinne. Upepo wa matairi, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kiasi hupigapiga mgongo sawasawa na shokapu ngumu. Beringi za gurudumu la nyuma. Bushi za swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma: simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, shika ncha ya swingamu karibu na ekseli na uisukume kushoto na kulia. Ukihisi mchezo wowote, anza na bushi hizo, maana hata shokapu za gharama ya juu haziwezi kunyoosha swingamu iliyolegea. Mwisho ni bushi za mpira zilizo kwenye masikio ya shokapu yenyewe, yaani matundu yake ya kufungia juu na chini. Mara nyingi sauti ya "kong kong" kwenye matuta inatoka hapo, na bushi mpya nne ni sehemu ndogo sana ya gharama ya shokapu.

Kisha itazame shokapu kwa karibu. Futa vumbi kwenye fimbo ya krome kwa kitambaa na upitishe ukucha juu yake, taratibu, kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye vidonda vya kutu, sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja, haitadumu hata uibadilishe leo, kwa kuwa kila kidonda kinaikwangua kila fimbo inapoingia na kutoka. Fimbo ikiwa laini na imenyooka, ila kuna unyevunyevu wa oili, uliza kama shokapu yako ni ya aina inayofunguka. Zenye kofia ya nyuzi, ya kuzungusha kama skrubu, juu ya silinda hufunguliwa, zikabadilishwa sili na oili, zikarudi kazini. Zilizokunjwa au kuchomelewa kiwandani hazikuundwa kufunguliwa.

Angalizo moja zito. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono, na shokapu yenye gesi ina naitrojeni iliyoshindiliwa ndani. Usikate, usichome, wala usitoboe shokapu ya gesi. Springi nayo itolewe kwa kifaa chake cha kubania, si kwa kamba na bisibisi.

Vipimo vya kuandika kwenye karatasi

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Mtu anaenda dukani na jina la pikipiki tu, anapewa kitu "kinachoingia", na kuingia kwenye bolti hakumaanishi kwamba kinafaa. Mimi niliwahi kununua jozi nzuri yenye vichupa vya gesi vya pembeni vinavyong'aa, ndefu kuliko za awali kwa milimita 30. Ziliingia bila shida. Nilipoiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lilibaki limekanyaga chini. Stendi ya pembeni ikawa fupi mno, pikipiki ikalala upande kiasi kwamba upepo tu ungeiangusha. Ndani ya wiki cheni ilikuwa imechimba mfereji kwenye mpira unaolinda swingamu. Nilizitoa nikarudisha zile za zamani, zilizovuja, nikaanza upya na rula mkononi.

Kipimo cha kwanza, basi, ni urefu: kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, shokapu ikiwa imejinyoosha yote. Usipime mwanzo wa chuma hadi mwisho wa chuma. Shokapu nyingi za aina hii huangukia kati ya milimita 280 na 360. Kama za kwenye pikipiki si za kiwandani, tafuta urefu sahihi kwenye kitabu cha pikipiki, kwa sababu aliyekutangulia huenda alikosea na wewe utarithi kosa lake. Ukikosa kabisa urefu uleule, baki ndani ya milimita 10 juu au chini. Ukizidisha urefu, unainua nyuma, pembe ya foku, ile miguu miwili ya mbele, inasimama zaidi, na usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida, jambo ambalo kwa kasi linaweza kuleta mtetemo. Ukipunguza, tairi linakaribia madigadi, ekzosti na stendi vinakaribia lami unapolala kwenye kona.

Cha pili ni ncha za shokapu. Nyingine zina jicho la mviringo juu na chini, nyingine zina jicho juu na uma chini, yaani pande mbili za chuma zinazokumbatia sikio la swingamu. Chora ulichonacho. Pima kipenyo cha tundu la bushi kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo, kwa kawaida utakuta milimita 10, 12, 14 au 16. Pima pia upana wa bushi, ule mrija wa chuma ulio katikati ya mpira, kwa sababu huo ndio unaobanwa na nati. Juu na chini vinaweza kutofautiana, kwa hiyo pima vyote vinne. Tundu likiwa kubwa kuliko bolti, fundi wa mashine anaweza kukuchongea kijazio cha chuma au cha shaba nyeusi. Likiwa dogo, usilitanue kwa drili. Badilisha bushi nzima.

Cha tatu ni nafasi. Pima umbali kutoka katikati ya bolti kwenda ndani na nje: kuna kava ya cheni upande mmoja, ekzosti upande mwingine, mara nyingine na mkono wa breki. Springi nene zaidi ya ya awali hugusa kava, na mkanda wa ngazi za kubania springi, ile pete ya kuzungusha chini yake, mara nyingi ndio unaogonga ekzosti kwanza, kwa kuwa ndio mnene kuliko vyote. Kata silinda ya karatasi ngumu yenye kipenyo cha shokapu unayoitaka, iweke pale shokapu inapokaa, uone kwa macho.

Cha nne husahauliwa na karibu kila mtu: urefu wa shokapu ikiwa imezama yote. Shokapu mbili zenye urefu mmoja zikinyooka zinaweza kuzama tofauti. Ile inayozama zaidi inaweza kulifikisha tairi kwenye madigadi au kwenye waya za taa zilizopita chini yake. Muuzaji akikutajia mwendo wa fimbo, toa mwendo huo kwenye urefu wote, utapata urefu wa mwisho, kisha linganisha na za kwako.

Springi: moyo wa uamuzi wote

Kama kuna jambo moja ningependa ulishike, ni hili: pikipiki yako inahitaji springi inayolingana na uzito inaobeba kila siku. Rangi, vichupa, vitufe vya kuzungusha, vyote vinakuja baada ya hapo. Jiulize kwa ukweli unabeba nini. Uko peke yako? Na abiria kila siku? Na mzigo kwenye keria? Springi ya mtu mmoja ikipewa watu wawili na gunia, itagonga mwisho kwenye kila tuta. Springi ya mizigo ikipewa mtu mwembamba anayeenda kazini peke yake itamrusha kwenye siti, naye atasema shokapu ni mbovu wakati hazina kosa.

Ugumu wa springi hutajwa kwa nyutoni kwa kila milimita. Ukibahatika, namba hiyo imeandikwa kwenye springi au kwenye maelezo ya muuzaji. Usipoiona, ihesabu mwenyewe kwa kalipa. Chukua unene wa waya, ujizidishe mara nne kwa wenyewe (waya × waya × waya × waya), kisha zidisha kwa 79,000, ambayo ni tabia ya chuma cha springi. Hiyo ni ya juu. Ya chini ni 8, mara kipenyo cha springi kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe (kipenyo × kipenyo × kipenyo), mara idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Gawa ya juu kwa ya chini. Kipenyo hupimwa kutoka katikati ya waya upande huu hadi katikati ya waya upande wa pili, na mizunguko ya mwisho iliyolala bapa juu na chini haihesabiwi.

Tuchukue springi yenye waya wa milimita 7, kipenyo cha 50, mizunguko 14. Jibu ni kama 13.5. Sasa badilisha waya tu, uwe milimita 7.5, mengine yote yabaki vilevile. Jibu linapanda hadi karibu 17.9. Nusu milimita ya waya imeongeza ugumu kwa karibu theluthi moja! Ukizishika mikononi hutaona tofauti, na dukani zinaweza kuwa kwenye rafu moja, kwa bei moja.

Barabarani inaonekana hivi. Tuseme shokapu zimesimama wima na abiria wa kilo 70 uzito wake wote umeangukia nyuma. Zile springi mbili laini zitashuka takriban milimita 25 kwa ajili yake peke yake, zile ngumu kama 19. Pikipiki nyingi za kawaida za zamani zina mwendo wa gurudumu la nyuma usiozidi milimita 100 hivi, kwa hiyo hizo milimita sita zinaweza kuwa tofauti kati ya kupita tuta salama na kugonga mwisho. Kama shokapu zako zimelala kuelekea mbele, gurudumu linasafiri zaidi kuliko shokapu, na unahitaji springi ngumu zaidi kupata matokeo yaleyale. Kwa sababu hiyo usikopi namba ya springi kutoka pikipiki nyingine bila kuangalia jinsi shokapu zake zilivyofungwa.

Kuna imani moja imeenea sana hata kwa mafundi wazuri, kwamba ukikaza ule mkanda wa ngazi chini ya springi unaifanya springi kuwa ngumu. Hapana. Kwa springi yenye mizunguko ya nafasi sawa, ugumu ni uleule, umeinua tu kimo cha pikipiki na kubadilisha pale springi inapoanzia kazi. Ukilazimika kukaza hadi ngazi ya mwisho ndipo pikipiki isimame vizuri ukiwa umekaa, springi ni laini kwako. Ukiwa kwenye ngazi ya kwanza na bado siti haishuki hata kidogo, springi ni ngumu mno.

Kwa mtu anayebeba leo peke yake, kesho wawili, springi yenye mizunguko iliyosongamana upande mmoja na iliyoachana upande mwingine ni chaguo la busara. Ile iliyosongamana hujifunga kwanza, na springi inakuwa ngumu kadiri mzigo unavyoongezeka.

Utafute wapi unafuu

Unafuu wa kwanza ni kutobadilisha kila kitu. Springi za chuma hudumu sana. Kinachokufa ni oili na sili. Kama springi zako zinakufaa na hazijaliwa na kutu, unaweza kupata silinda zenye fimbo peke yake ukahamishia springi zako. Pima urefu wa springi ikiwa huru, ulinganishe na kitabu. Ikiwa imepungua kupita kikomo kilichoandikwa humo, iache.

Baada ya hapo, mpya za kampuni zinazotengeneza shokapu kama kazi yao kuu. Hagon ya Uingereza, YSS ya Thailand, Ikon ya Australia iliyorithi shokapu za pikipiki za Koni, na Progressive Suspension ya Marekani, zote zimekuwa zikitengeneza shokapu mbilimbili kwa pikipiki za zamani. Faida yao kubwa ni kwamba unaweza kuulizwa uzito wako na mzigo wako kabla ya kuuziwa, na baadaye spea unaipata. Ndani ya kampuni moja chukua ngazi ya chini yenye springi sahihi, kuliko ngazi ya juu yenye springi ya kubahatisha.

Kisha kuna nakala za bei ya chini kabisa. Sizikatai. Nimeona zilizofanya kazi vizuri kwa miaka kwenye pikipiki nyepesi. Ila zikague kwa ukali, na usilipie vichupa vya pembeni. Kichupa halisi hutenganisha gesi na oili ili oili isitoe povu ikichemka, lakini kwenye shokapu nyingi za bei ya chini ni pambo lililofungwa kwa skrubu, halina njia ya oili kuingia ndani yake. Hela ya pambo hilo ingekupa springi nzuri zaidi.

Za mtumba kutoka pikipiki nyingine zinaweza kuwa bahati nzuri, mradi pikipiki iliyozitoa ina uzito unaokaribiana na yako na vipimo vinne vinakubaliana. Nakuonya kuhusu shokapu "mpya za stoo" zilizokaa kwenye boksi kwa miongo: mpira wa sili hukauka ukiwa umekaa tu, na oili inaweza kuanza kuchuruzika baada ya siku chache za kazi. Zinunue kama zinafunguka tu.

Chochote utakachochagua, nunua jozi. Mpya moja na ya zamani moja zinaipa swingamu nguvu mbili tofauti kushoto na kulia.

Mbele ya muuzaji

Nenda na karatasi ya vipimo, rula na kalipa. Pima hapohapo, usiamini maandishi ya boksi. Simamisha shokapu wima, isukume chini mara kadhaa kwa nguvu zako zote. Fimbo itaingia kidogo tu kwa sababu ya springi, lakini sikiliza inaporudi: irudi taratibu, kwa mwendo mmoja, bila kuruka na bila kulegea katikati. Shokapu iliyolazwa muda mrefu huwa na hewa kwenye valvu, kwa hiyo ipe sukuma kumi kabla ya kuihukumu. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Zisipofanana, ziache zote.

Angalia fimbo ikizunguka: isipinde. Angalia kama masikio mawili yako sambamba. Angalia kama kuna mpira wa kuzuia kugonga kwenye fimbo, maana bila huo chuma kitagonga chuma.

Kufunga

Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, na kama haina, ikamate kwa jeki chini ya fremu, isiegemee swingamu. Toa shokapu moja, funga mpya, ndipo uhamie upande wa pili. Kwa njia hiyo swingamu inabaki mahali pake na huhitaji mtu wa kuinua gurudumu. Safisha vijiti vya bolti, paka grisi kidogo pale mrija wa bushi unapokaa, panga washa kama zilivyokuwa. Piga picha kabla ya kufungua, itakuokoa.

Kama una nati za kofia za krome, zifunge kwa mkono kwanza bila shokapu na uhesabu zinaingia mizunguko mingapi. Kofia inaweza kufika mwisho wa nyuzi kabla haijabana bushi, ukaamini imekaza wakati shokapu inacheza. Tatizo hilo linaondoka kwa washa moja nene. Kaza kwa kipimo cha kitabu, pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, ili mipira ya bushi isifungwe ikiwa imejisokota.

Halafu pima tena ulegevu wa cheni. Kimo cha nyuma kikibadilika, nao unabadilika. Angalia pia mwanga wa taa ya mbele unapoangukia.

Kupima mbonyeo

Tafuta mtu wa kukusaidia. Gurudumu la nyuma likiwa hewani, pima kutoka ekseli kwenda juu moja kwa moja hadi alama utakayoiweka kwenye fremu au madigadi. Shusha pikipiki, isimame kwa uzito wake tu, pima tena. Ishuke kati ya milimita 5 na 15. Kisha kaa kwenye siti kama unavyoendesha, na mzigo wako wa kawaida, miguu juu ya vikanyagio, msaidizi apime mara ya tatu. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na hiki iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Kwa mwendo wa milimita 90, ni kama 23 hadi 30. Rekebisha kwa ngazi za mkanda, pande zote mbili ngazi moja.

Ukikaa sawa lakini ukishuka pikipiki inasimama juu kabisa bila kubonyea, umekaza mkanda kufidia springi laini. Rudi kwenye ile hesabu ya waya.

Mwisho, funga raba bendi kwenye fimbo, juu ya sili, kama fimbo inaonekana. Endesha njia unayoijua, yenye tuta moja unalolichukia, kisha simama uone raba imesukumwa hadi wapi. Ikifika kwenye mpira wa kugotea mara moja kwa safari ngumu, ni sawa. Ikifika hapo kwenye kila kishimo, springi haitoshi. Ikibaki mbali na mwisho hata baada ya tuta lile, una ugumu wa ziada usiouhitaji. Baada ya kilomita 50 hivi, shika spana, kagua nati zote nne, na upitishe kidole chini ya sili kuona kama kimerudi kikavu.